Masika ya Kusubiri Simu

Machi 10, Jumatatu

Mvua imeanza leo na mimi nimeanza kuandika leo. Aliyenituma ni nesi wa kliniki ya macho. Amesema niandike siku mtoto anapofuata mwanga, siku asipofuata, na siku akipata mafua. "Hata mstari mmoja, mama. Ukija hapa umechoka utasahau." Hajui kwamba huwa nafika pale nimeshachoka tangu jana yake.

Basi. Binti yangu ana miezi tisa. Nyumbani tunamwita Chiriku kwa sababu hanyamazi. Katikati ya macho yake yote mawili kuna weupe, kama tone la maziwa lililogandia kwenye kioo. Mtoto wa jicho. Mimi nilidhani ni maradhi ya wazee. Kumbe watoto wengine huzaliwa nayo, dawa yake ni kupasuliwa, na kupasuliwa kwenyewe hakungoji. Jicho lisipoona mapema, ubongo huacha kujifunza kuona, hata ukija kulisafisha baadaye.

Daktari wa watoto yupo hapa mpaka mwisho wa Mei. Vitanda vyote vina wenyewe. Lakini masika watoto hupata mafua, na mwenye mafua hapewi dawa ya usingizi, kwa hiyo kitanda hubaki wazi ghafla asubuhi. Hapo ndipo wanampigia anayefuata.

"Asipopatikana tunampigia mwingine," nesi akasema. "Usije kunilaumu. Simu iwe hewani."

Simu iwe hewani. Nimetembea na maneno hayo mpaka nyumbani kama mtu aliyebeba ndoo ya maji kichwani, anaogopa hata kupiga chafya.

Machi 11

Kafuata mwanga wa dirisha. Mvua.

Machi 13

Naandikia kazini, chumba cha kupigia pasi, juu ya rundo la mashuka ya hoteli, saa ya chakula. Msimamizi wetu tunamwita Pasi Moto, na si kwa sababu ya kazi. Simu zote anazifungia kwenye droo yake asubuhi, anaturudishia tukitoka. Kwa hiyo simu yangu, hii ya kugusa aliyoniachia mume wangu alipokwenda kwenye ujenzi wa bwawa, inabaki nyumbani na mama mkwe, pamoja na mtoto. Ndiyo simu pekee tuliyo nayo.

Asubuhi nimemwambia, "Mama, ikilia pokea. Hata kama sufuria iko motoni."

"Nitapokea. Kwani sijawahi kupokea simu mimi?"

"Wakisema ni hospitali, waambie tunakuja. Na mtoto asile kitu chochote."

"Asile?" Akanitazama kama nimemwambia amuuze. "Mtoto asile?"

"Asile, Mama. Ndiyo masharti ya dawa ya usingizi."

"Haya. Nyinyi ndio mliosoma."

Nilisoma mpaka darasa la mwisho la shule ya msingi. Kwake hiyo ni elimu ya kutosha kunisimangia.

Machi 16, Jumapili

Baba Chiriku kapiga. Salamu ya kwanza ni lawama. "Katikati ya wiki nakupigia hupatikani. Mnazima simu?"

"Nani azime? Tunasubiri hospitali."

"Basi mtandao wa huko mbovu."

Mama mkwe alikuwa anasuka nywele za Chiriku, hizo chache zilizopo. Hakuinua kichwa.

Machi 18

Mvua usiku kucha. Nimeamka na mgongo wa bibi kizee.

Machi 20

Simu niliiacha imejaa chaji. Nimerudi jioni iko karibu kuzima, na ina joto kama chapati iliyotoka kwenye kikaango. Nikamuuliza Mama, "Umeongea nayo leo?"

"Niongee na nani?"

Ana mdogo wake ambaye wakianza kuzungumza hata kuku hulala wakawaacha. Sikusema kitu. Nimefikiri, lakini sikusema.

Machi 22, Jumamosi

Nimekwenda kwa fundi simu. Kibanda chake kina upana wa mlango, mteja mmoja akiingia mwingine anatoka. Ananiita shemeji ingawa mume wangu hamjui.

Akaitelezesha skrini kwa kidole, akaangua kicheko. "Shemeji! Simu yako imewashwa vitu vyote kama duka la taa. Nani kakufanyia hivi?"

"Mimi. Nilidhani kila kinachowashwa kinasaidia kuvuta mtandao."

Alitaka kucheka tena, akaniona uso, akaacha. Nikamweleza habari za hospitali. Akafuta mikono, akasogeza kiti chake.

"Sikiliza. Hii bluetooth ni kunong'ona. Simu yako na ile spika yangu pale, wananong'onezana humu chumbani. Ukivuka barabara hawasikiani tena. Hii wifi ni ya nyumba yenye kifaa kinachoitoa. Kwako kipo?"

"Kwangu kuna jiko na ndoo."

"Basi inatafuta hewa bure, tunaizima. Sasa simu ya hospitali haiji kwa kunong'ona wala kwa wifi. Inatoka kwenye mnara. Hivi vijiti vinne hapa juu vinakuambia simu inausikia mnara kiasi gani. Vikiwa vinne, inasikia vizuri. Kikibaki kimoja, inasikia kama mtu unayemwita yuko bafuni anajimwagia maji."

"Na data?"

"Data ni intaneti, inapita kwenye mnara huohuo. Ukiizima, simu ya kawaida bado inaingia. Usihangaike nayo."

"Na hii ndege?"

"Hiyo usiiguse kabisa! Ukiigusa, simu imejifungia ndani na ufunguo imeumeza."

Nikacheka. Nilikuwa sijacheka muda. Halafu nikamuuliza kuhusu betri. Akaipima, akasema nzima. "Inachemka kwa sababu inautafuta mnara. Simu ikiukosa hupaza sauti, na kupaza sauti ndiko kunakokula chaji. Nyumba yako ya bati?"

"Ya bati."

"Iweke dirishani. Bati linaizuia kidogo, na mvua hizi nazo."

Nimerudi nimejaa elimu. Nimemwonyesha Mama pa kuiweka, pale kwenye kizingiti cha dirisha la mbele, chini ya pazia. "Isitoke hapa, Mama."

"Nimesikia."

Machi 25

Joto tena. Chaji imekwisha tena.

Machi 28

Pasi Moto kanifokea mbele ya watu kwa sababu ya shuka lenye doa. Shuka lilikuja na doa lake, mimi sikulizaa. Nikamezea. Simu ya moto.

Aprili 2

Nimebadilisha mahali pa kuweka laini kama alivyoshauri fundi, tundu la kwanza kwenda la pili. Nimeizima nikaiwasha. Jioni nikiishika mimi vijiti vitatu, vinne. Asubuhi nikiondoka vinne. Katikati hapo kinatokea nini? Nimeanza kudhani fundi ni tapeli mwenye maneno matamu. Nimeanza pia kumtazama Mama kwa jicho ambalo silipendi. Nawaza kwamba anaongea na mdogo wake mchana kutwa, anafuta namba, ananiambia "niongee na nani". Nyumba ndogo, chuki inabana.

Aprili 5

Chiriku kapiga chafya mara tatu. Nimesimama katikati ya chumba na nepi mkononi nikasubiri ya nne.

Aprili 7

Si mafua. Ni pilipili za Mama za jikoni. Mungu mkubwa.

Aprili 11

Hafuati mwanga leo. Mawingu mazito, labda hapakuwa na mwanga wa kufuata. Nimewasha tochi ya simu nikampitishia usoni, akageuka pole pole, kushoto tu. Kulia hajageuka. Naandika kama nesi alivyosema. Mkono mzito.

Aprili 15, Jumanne

Mvua ya jana imeangusha nguzo, umeme umekatika dobini, mashine zimenyamaza na mashuka yamo ndani. Pasi Moto akaturuhusu mchana. Nikapita sokoni nikanunua nyanya, nikaenda nyumbani polepole, nikifurahi kama mjinga kwamba nitalala hata nusu saa.

Chiriku alikuwa amelala. Mama mkwe kakaa kando yake kwenye kigoda, anachambua maharage. Nikaangalia dirishani. Pazia, kizingiti, basi.

"Mama, simu iko wapi?"

"Ipo."

"Ipo wapi?"

"Ipo mahali pazuri. Usipaze sauti, mtoto amelala."

Sikupaza sauti. Nilisimama tu pale na mfuko wa nyanya mpaka akainuka mwenyewe. Akanyoosha mkono juu ya kabati, akateremsha kopo la biskuti, lile la bati tunalowekea sindano na vifungo. Akalifungua kwa kucha, mfuniko wake unabana. Simu ilikuwemo, imeviringishwa kitambaa cha mtoto kama mtoto mwenyewe.

Nikaishika. Ya moto. Juu hapakuwa na kijiti hata kimoja, palikuwa na alama ya X. Nikiwa naitazama kikaja kijiti cha kwanza. Cha pili. Halafu ikatetemeka mkononi mwangu, ikatulia, ikatetemeka tena, ikawa inatetemeka tu, jumbe zinaingia zikifuatana. Baba Chiriku alikutafuta. Namba hii ilikutafuta. Namba hii ilikutafuta. Namba hii. Na mwisho maandishi: Tumekupigia tangu asubuhi hupatikani. Kitanda kilikuwepo leo. Tumempa mwingine.

Nilipiga. Nesi akapokea na sauti ya mtu aliyekwisha kuhuzunika akamaliza. "Mama, nilipiga mpaka nikaazima simu ya mwenzangu, nikifikiri labda ni yangu. Mtoto mwingine ameshaingia chumba cha upasuaji."

"Nakuja naye sasa hivi."

"Usije, mama. Hakuna kitanda. Subiri."

Nikaketi sakafuni. Nyanya zikabingirika mpaka chini ya kitanda.

"Nani?" Mama akauliza.

"Hospitali. Walimwita leo. Walipiga asubuhi yote."

"Haikulia," akasema. "Naapa haikulia."

"Italiaje ndani ya kopo, Mama?"

Hakuelewa. Nilimwona usoni kwamba hakuelewa, na bado sikumhurumia. Nikamuuliza huwa anaiweka humo lini. Akasema kila mtoto akilala. Asubuhi akilala, mchana akilala. Tangu lini? Tangu uliponiachia.

"Kwa nini?"

"Miale isimfikie." Akarudi kwenye kigoda chake, akayatazama maharage. "Nitasema, maana umeuliza. Ulipokuwa na mimba ulikuwa unalala nayo hapa." Akajishika tumbo. "Unaongea na mwanangu mpaka unasinzia, inawaka huko chini ya shuka. Nikasema moyoni, nikitia neno nitaitwa mkwe mkorofi. Nikanyamaza. Mtoto akazaliwa na macho yale. Safari hii nikasema sinyamazi tena, ila sisemi, natenda."

Kwa hiyo miezi yote hii, akimwogesha mwanangu, akimbeba, akinipakulia chakula nikirudi, alikuwa anajua kwamba mwenye kosa ni mimi. Hilo ndilo lililonichoma kuliko kopo.

Nilimjibu. Sitaki kuandika yote. La mwisho lilikuwa hili: "Uliyemfungia ndani ya kopo si simu, Mama. Ni mjukuu wako."

Chiriku akaamka, akaanza maneno yake. Hakuna aliyemjibu.

Aprili 16

Hatujasemezana. Mvua.

Aprili 17, Alhamisi

Nimeamka na hasira imepungua, imebaki kazi. Ndivyo nilivyo. Mtu nikimnunia siku mbili nachoka mwenyewe. Na nani atamshika mtoto nikiwa kazini kama si yeye?

Nikaazima simu kwa jirani yetu mshonaji. "Mama, njoo."

"Nimekuja."

Nikaitia simu yetu ndani ya kopo, nikabana mfuniko. Nikapiga kwa simu ya jirani, nikamwekea sikioni. Akasikiliza, uso umekunjamana.

"Anasema haipatikani kwa sasa. Huyu mwanamke ni nani?"

"Ni mashine, Mama."

"Ana adabu sana kwa mtu anayekunyima."

Nikafungua kopo, nikapiga tena. Ikalia. Nikafunga. Mashine ikaongea. Nikafungua. Ikalia. Akaninyang'anya kopo akafanya mwenyewe, akafanya tena, kama mtu anayejaribu kufuli asiloliamini.

"Kwa hiyo bati linaizuia," akasema.

"Ndiyo."

"Basi nilifanya sawa. Si ndicho nilichotaka, kuzuia?"

"Ulizuia miale, Mama. Na sauti ya nesi inakuja juu ya miale hiyohiyo. Ni kitu kimoja. Huwezi kujenga ukuta mwizi asipite, daktari apite."

Akaligeuza kopo mikononi.

"Na jingine. Ikikosa mnara inapaza sauti, inapiga kelele kuutafuta. Ndiyo maana ilikuwa inatoka humo ya moto."

"Kumbe nilikuwa naikasirisha?"

"Ulikuwa unaikasirisha."

"Na mimi nikadhani joto lile ndiyo miale yenyewe, nikazidi kuibana." Akacheka kidogo, cheko la aibu, akajifuta pua kwa upindo wa nguo.

Hapo nikamwambia nilichokwisha kukiamua. "Simu itakaa dirishani. Kitanda cha mtoto tunakihamishia ukuta wa pili, mbali nayo kadiri chumba kinavyoruhusu. Hofu yako nimeisikia, nimeipa chumba kizima. Lakini kopo, hapana. Kwenye hilo sibishani."

"Nani kabisha?" akasema. Tukainua kitanda, yeye upande wa miguu, mimi wa kichwa.

Aprili 20

Mama hajui kusoma, lakini picha anazijua haraka kunishinda. Vijiti anaviita ngazi. "Ngazi zipo tatu." Wifi anaiita mwavuli uliogeuzwa na upepo. Bluetooth amekataa hata kuipa jina, amesema mtu wa kunong'ona hamhusu. Kengele yenye mkato ni simu iliyofungwa mdomo. Ndege tumeiweka mbali na vidole vyake. Hata hivyo jana ameigusa, akaniita mbio kutoka bafuni nikiwa na sabuni usoni: "Ndege! Ndege imetua!"

Aprili 22

Fundi amenionyesha kitu. Namba ukiiweka kwenye kitufe cha mbili, mtu anabonyeza hiyo mbili, anaishikilia, simu inapiga yenyewe. Hana haja ya kusoma. Sasa ninatakiwa kupata namba ya ofisi ya dobi, kwa Pasi Moto.

"Simu ya ofisi," kaniambia, "ni ya wageni wanaolalamika soksi zao zimepotea."

"Najua, bosi. Nami nalalamika. Mwanangu haoni."

Akanitazama. Nilikuwa sijawahi kumwambia mtu pale. Akachukua kalamu ya kuwekea alama mashuka, akaniandikia namba kwenye kiganja. "Wino huo hautoki," akasema. Ndiyo samahani yake, nadhani.

Aprili 24, Alhamisi

Kliniki. Tumekwenda wote watatu. Nesi hakutugombeza, afadhali angetugombeza. Amesema tumo kwenye foleni bado, ila haahidi. Nikamuuliza mbele ya Mama, kwa makusudi, kama simu niliyolala nayo wakati wa mimba ndiyo iliyomharibu mtoto macho.

"Hapana," akasema. "Haya hayaletwi na simu. Mara nyingine hatujui yanatoka wapi. Mara nyingine yamo katika ukoo. Kwenu kuna mtu alizaliwa haoni?"

Nikasema kwetu hakuna. Tukamgeukia Mama. Akawa anafunga vizuri kofia ya mtoto ambayo ilikuwa imefungwa.

Njiani mvua ikatushika, tukasimama chini ya paa la duka lililofungwa. Mama akaanza kusema bila kunitazama.

"Nilikuwa na mdogo wangu wa kiume. Ananifuata mimi kuzaliwa. Alikuwa anatembea ameshika bega langu, hivi. Macho yake yalikuwa kama haya."

Nikasogea nimsikie, mvua ilikuwa inapiga paa.

"Walisema mama yetu alitazama jua akiwa na mimba yake. Walimsema mpaka akazeeka." Maji yalikuwa yanatiririka mbele yetu kama pazia. "Nilipomwona Chiriku nilijua. Siku ileile. Lakini nilitaka iwe simu. Simu unaweza kuitia ndani ya kopo. Damu utaitia wapi?"

Mtoto alikuwa mgongoni kwangu, anaipigia mvua kelele. Nikamshika Mama mkono, yeye akaushika wangu kwa nguvu, kama anataka kuvuka barabara.

Aprili 28

Kafuata tochi, kushoto. Mvua.

Mei 3

Hakuna simu.

Mei 6

Mtoto wa mshonaji ana mafua. Mama amemzuia mlangoni kwa ufagio, akamwomba radhi mama yake huku ufagio bado ameushika.

Mei 9

Hakuna simu. Ngazi nne kutwa nzima, Mama anasema. Nne na kimya. Zamani nilikuwa nadhani tatizo ni mtandao.

Mei 14

Baba Chiriku kapiga asubuhi nikiwa bado nafunga viatu. Mama akaidaka kabla haijalia mara ya pili. "Hospitali?"

"Ni mimi, Mama. Hamjambo?"

"Toka kwenye simu! Unaziba njia!" Akakata. Mwanawe wa pekee.

Nikamweleza kwamba kuna kusubirisha simu, nyingine ikiingia husikika. Akasema hataki kubahatisha.

Mei 19

Nesi amesema daktari anaondoka wiki ijayo. Wakija wengine, labda mwakani. Mwakani Chiriku atakuwa anatembea akishika bega la nani?

Nimechoka mpaka kulia ni kazi.

Mei 22, Alhamisi

Nilikuwa nimeingiza mikono ndani ya mashine, navuta mashuka yaliyojisokota, Pasi Moto akaja mwenyewe mpaka kwenye maji. Hajawahi kuja kwenye maji, viatu vyake havitaki.

"Wewe. Mama mkwe wako ananifokea kwenye simu ya ofisi."

Nikachomoa mikono kwenye mashine.

"Anasema hospitali, sasa hivi. Anasema mtoto hajala. Anasema nikikuchelewesha atakuja hapa mwenyewe." Akaninyooshea mkono mtupu kana kwamba ananirudishia simu, akasahau kwamba mimi huwa sina simu kwenye droo. "Unangoja nini? Nenda!"

Nilikimbia na aproni. Mvua ilikuwa nyembamba, ya kuelekea mwisho. Nilipofika lango la hospitali nilimsikia Chiriku kabla sijamwona, sauti ya njaa, ya kudai haki. Mama amembeba kifuani ndani ya shuka, nywele zimelowa, kiatu kimoja kimekatika ukanda.

"Hajala?"

"Hajala. Amelia tangu walipopiga asubuhi, ananivuta nguo, anatafuta uji. Nimemgeuzia uso ukutani. Sijawahi kumfanyia mtoto hivyo maishani mwangu."

"Wewe je, umekula?"

"Ningekulaje mbele yake?"

Nesi akatoka na gauni dogo la kijani. Akapima joto la mtoto, akasikiliza kifua, akasikiliza tena. "Safi," akasema. Akamchukua. Mlango ule una mpira chini, unajifunga polepole bila sauti.

Tumekaa kwenye benchi. Mama akawa ananisimulia alivyopokea, akarudia mara ya pili, mara ya tatu, na kila akirudia nesi anazidi kuwa mpole na yeye anazidi kuwa jasiri. Katikati ya mara ya nne akasinzia begani kwangu. Mzito. Sikumsogeza.

Mei 23, Ijumaa

Jicho la kushoto limefunguliwa leo asubuhi. Wamepasua moja kwanza.

Nesi alibandua kitambaa polepole, akafuta pembeni kwa pamba. Weupe haupo. Ni jicho jeusi tu la mtoto, jekundu kidogo pembeni, limelowa. Tuliinama wote wawili juu yake, mimi na Mama, vichwa vyetu vimegusana.

Chiriku akatutazama. Midomo yake ikapinda. Akaanza kulia, kilio cha mtoto aliyeshikwa na watu asiowajua.

Sikuwa nimeliwaza hilo. Miezi yote hii niliwaza ataona, sikuwaza kwamba atatuona sisi, na kwamba hajawahi. Nikajikuta nimerudi nyuma hatua moja, nimeficha uso wangu mwenyewe.

"Anaogopa," Mama akasema. "Haki yake. Na uso huu nilio nao."

Chiriku akakatiza kilio. Akageuka upande wa sauti. Akamtazama Mama mdomo, siyo macho, mdomo.

"Enhe," Mama akasema. "Ndiyo mimi, bibi yako. Niliyekunyima uji."

Akanyoosha mkono akaukosa, akaunyoosha tena, akamtia bibi yake kidole mdomoni akashika jino. Nami nikamwita. Akageuka. Ilichukua muda, macho yanatafuta, yananipita, yanarudi, mpaka sauti na uso vikakutana mahali pamoja, pale nilipokuwa nimesimama. Akaanza maneno yake.

Mama alikuwa analia na kile kidole bado kimo mdomoni.

Nesi akaandika vitu vyake. Miwani itafuata, matone mara nne kwa siku, asijikune. "Na jicho la pili daktari anataka alifanye kabla hajaondoka. Kitanda kikipatikana. Tutapiga simu."

Mama akanyoosha mkono kwangu bila kumwondolea mtoto macho.

"Lete hiyo simu hapa," akasema.

Nikampa.